Nyimbo za Zamani na Nyimbo za Sasa: Mzee Akatazapo, Hukataza kwa Dini au kwa Mazoea?



Yapasa ijulikane ya kwamba miongoni mwa mambo yaulizwayo sana barazani, na yajibiwayo upesi kuliko inavyostahiki, ni hili la nyimbo. Mzee huketi baada ya sala ya alasiri, kijana akapita na simu yake inaimba Bongo Fleva au singeli, na mzee akasema: "Huu ni munkari. Zamani zetu nyimbo zilikuwa nyimbo, zina adabu na maana." Maneno haya mawili huyatamka kwa pumzi moja, kana kwamba la pili ni dalili ya la kwanza, walakini la kwanza ni hukumu ya sharia, na la pili ni habari ya ujana wake. Suala ni hili: akatazapo, yu pamoja na lipi katika mawili hayo?

Atazamaye taarikhi ya pwani hii ataona ya kwamba hizo zilizoitwa nyimbo za adabu nazo zilikuwa mpya siku moja. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ilizuka beni katika Lamu na Mombasa, watu wakavaa mavazi ya kiaskari, wakapeana vyeo vya Kizungu, wakapiga tarumbeta na ngoma kubwa mabarabarani. Na baada ya vita vya 1914 hadi 1918 Marini na Arinoti wakaenea mpaka bara. Wakubwa wa dini waliilaumu kwa israfu na kwa kuwaigiza Wazungu. Kisha yakaja madansi ya magitaa, na wazee waliokuwa vijana wa beni wakaanza kuisifu beni.

Na taarabu vivyo hivyo. Ilipata makazi Unguja katika jumba la Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, nayo ilikuwa ya Kiarabu na ya wakubwa. Chama cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa mwaka 1905. Kisha akatokea Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, akaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri Bombay kutiwa sauti yake katika santuri. Wako waliomdharau kwa kuwa ni mtu wa shamba. Alipofariki mwaka 1950 alikuwa fahari ya nchi, na leo atajwapo hutajwa kwa heshima hata na wale ambao babu zao hawakumtaka. Katika miaka ya 1990 ikatokea taarabu ya kisasa, iitwayo rusha roho, kwa vinanda vya umeme na mipasho ya wazi, na kundi la East African Melody likawa mashuhuri kwayo. Waliozoea udi na kanuni wakasema taarabu imekufa. Na vijana wa rusha roho, ambao baadhi yao sasa wana wajukuu, ndio hao wanaoisikia singeli na kuziba masikio.

Basi kama upya ndio uharamu, haikupata kuwapo halali katika pwani hii. Na kama ukongwe ndio uhalali, ni kungoja tu miaka arubaini na kila munkari utatakasika. Wala hapana mwanachuoni aliyesema haya wala yale. Qur'ani imewakemea waliokataa haki kwa hoja ya kuwa wamewakuta baba zao juu ya njia nyingine. Itakuwaje hoja hiyo iwafae Waislamu katika jambo la udi na kinanda?

Mizani ya Shafii imo katika vitabu visomwavyo madrasani. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, ameeleza katika Minhaji ya kwamba kuimba pasi na ala ni makuruhu. Kwamba ala zilizo alama ya walevi, kama udi na tamburi, ni haramu kuzipiga na kuzisikiliza. Na kwamba dufu yajuzu katika arusi na tohara. Katika filimbi amekhitalifiana na Imamu Rafii, huyu akiihalalisha na yule akiiharimisha. Ama mashairi, ni mubaha kuyatunga na kuyasoma, ila yakiwa na hijau, au uchafu wa maneno, au kumgusia mwanamke aliye maalumu. Asomaye haya hataona mahali palipoandikwa mwaka. Udi wa jumba la Barghash hauna ruhusa ambayo kinanda cha umeme kimenyimwa.

Na juu ya hijau, yafaa kusimama kidogo, kwani hapa ndipo wazee hujisahau zaidi. Husema: nyimbo za zamani zilikuwa za mafumbo, na hizi za sasa ni matusi. Ni kweli kwamba fumbo lina stara ambayo mpasho wa wazi hauna, na mwenye kudhihirisha maasi mzigo wake ni mzito kuliko mwenye kuyasitiri. Hili mzee amelipata, naye apewe haki yake. Lakini fumbo lilikuwa na mtu wake. Lilipoimbwa arusini, mke mwenza alijua ni yeye, na jirani zake walijua, naye akarudi nyumbani analia kama vile ambavyo angetukanwa kwa jina. Hijau ikivikwa kanzu haijawa nasaha. Tofauti ni ya daraja, si ya aina. Na mwenye kuitaja aitaje hivyo.

Upande wa pili pia wapo wanaopita mpaka, wakaona kila sauti ya furaha ni dhambi. Hawa wakumbuke siku ya Idi, vijana wawili wa kike walipokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha, Sayyidna Abubakar akawakemea, na Mtume, sala na amani zimshukie, akamwambia awaache. Abubakar hakuwa na ila katika ghera yake, aliharakisha tu.

Na hasara ya kuchanganya dini na mazoea haimpati mzee, humpata mtoto. Mtoto asomaye chuoni huambiwa asubuhi kwamba Bongo Fleva ni haramu. Jioni hupita nyumba ya aliyemwambia, akasikia fidla na kanuni zikitoka dirishani na sauti ya mzee ikiitikia. Hasemi neno, kwa adabu. Ila moyoni amekwisha jifunza ya kwamba haramu ni jina la asichokipenda mkubwa. Somo hili halibaki katika nyimbo. Siku atakapoambiwa riba ni haramu, atalipima neno hilo kwa kipimo kile kile, naye atakuwa amefundishwa kipimo hicho na watu wa dini.

Kusikitika kwa kupita kwa zama si dhambi. Mtu aliyeolewa au kuoa siku iliyopigwa wimbo fulani, kisha wote waliouitikia wamezikwa, akiusikia na chozi likamtoka, huyo ni mwanadamu. Lililo baya ni kuchukua huzuni hiyo akaitia muhuri wa sharia, akamtolea kijana.

Mzee akiweza na aseme hivi: "Mwanangu, hili ulisikilizalo lina hukumu hii, na lile nililolisikiliza mimi lilikuwa na hukumu hiyo hiyo, na bado nalipenda." Neno hili ni gumu kulisema, kwani humvua mwenyewe kilemba mbele ya mtoto. Wengi huona afadhali kumwamuru kijana afute nyimbo katika simu yake, na santuri za marehemu mama yao zimo sandukuni chini ya kitanda, zimefungwa kwa kitambaa safi.