Nyekundu Inapoacha Kutuamuru

Kila nikitazama mchoro usio na mtu, mti wala nyumba, rangi tupu tu, swali ni lile lile: hii hisia inayonijia imetoka kwa rangi ama imetoka kwangu?

Mchoraji Mrusi Wassily Kandinsky alikuwa na jibu. Katika kitabu alichotoa mwishoni mwa 1911 alifananisha nafsi na piano yenye nyuzi nyingi, ambayo rangi huiamsha moja kwa moja.

Jibu tamu. Lakini mimi naishi Umoja, na huku Eastlands rangi haiji peke yake. Tangu jengo liporomoke kule Huruma usiku wa Aprili 29, 2016, na kuua watu zaidi ya 40, hakuna mpangaji asiyeijua ile X nyekundu inayochorwa kwa ukuta wa jengo lisilo salama. Ni mistari miwili ya rangi, basi. Ukiitazama kwa macho ya gallery, ni sanaa dhahania kabisa. Mama ambaye ameshalipa kodi ya mwezi haoni sanaa hapo. Anaona mizigo, mvua, na watoto wa kuhamisha. Nyekundu hiyo hiyo kwenye bendera yetu ni damu ya waliopigania uhuru. Kwenye shuka la Mmaasai ni kitu kingine tena.

Hata Kiswahili kinalijua jambo hili. Kijani imetoka kwa majani, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda lake. Tunapotaja rangi tunataja vitu tulivyoishi navyo.

Sasa, mchoro ni kioo tu, kila mtu ajione mwenyewe? Hapo nakataa. Mchoraji ameamua nyekundu iwe nyingi kiasi gani, ikae kando ya rangi gani, iishie wapi. Kazi yake iko hapo. Ila kuna kitu kimoja hafanyi: hakuamuru.

Mtaani rangi hutuamuru kutwa. X inasema hama. Taa nyekundu inasema simama. Ule ukanda wa manjano ambao matatu zote zililazimishwa kupaka mwaka wa 2004 ulisema tii. Unatii kwanza, na hisia utajua baadaye, ukipata nafasi. Kwa kanvasi, nyekundu haikudai kitu. Hofu uliyoizoea ukiwa mbioni, hapa unaweza kuitazama umesimama.

Wapo watakaosema hiyo ni anasa, mambo ya watu wa Westlands: nani ana wakati wa kutazama rangi na landilodi anabisha mlango? Naelewa. Lakini mtu ambaye rangi humjia kama amri tu, hakuna siku anaulizwa anahisi nini. Kuulizwa hivyo si anasa. Ni heshima, na sisi wa huku tunaistahili kama mtu mwingine yeyote.