Mzazi Kufikia Uzee Kwako: Swali Lililotoka Mwingi



 

Usiku mmoja, darasa yetu ilipokwisha na watu wakatawanyika, kijana mmoja alibaki juu ya jamvi akiikunja na kuikunjua kofia yake. Kijana huyu ni Mkamba, kwao ni Mwingi, na alisilimu hapa Mombasa yapata miaka minane sasa; kazi yake ni uwashi. Alikuwa na swali, akaliuliza kwa sauti ya chini kama aulizaye jambo la aibu. Mama yake ni mtu mzima sana, ameanguka akavunjika nyonga, hawezi kuondoka kitandani, wala mama huyo si Mwislamu. Ndugu zake wataka kumpeleka katika makao ya wazee yanayoendeshwa na masista upande wa Nairobi, naye wamtaka atoe fungu lake. Je, yajuzu kwake kutoa mali yake katika jambo hilo? Na akitoa, aweza kuihesabu kuwa ni zaka yake ya mwaka?

Swali hili lilipofika barazani, kila mtu alijibu kwa alivyoona. Mmoja alisema kijana hadaiwi kitu, kwani mama hayumo katika dini. Mwingine alisema makao ya wazee ni desturi ya Wazungu, na mwenye kumpeleka mzazi huko amekwisha kumtupa. Majibu yote mawili yalitolewa kwa haraka, na ya kwanza yao ni kosa tupu.

Tuanze na hilo la kwanza. Asmaa binti Abubakar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alijiwa na mama yake naye mama akali katika ushirikina, akamwuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge. Mtume akamwamuru amuunge. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, si khabari ya kusikia njiani. Na katika Sura ya Luqman, aya ya 15, Mwenyezi Mungu amezungumza juu ya wazazi wanaomshurutisha mtoto wao ashirikishe. Hao, amesema, wasitiiwe katika hilo, lakini akae nao duniani kwa wema. Ikiwa mzazi anayekuvuta katika ukafiri bado ana haki ya wema wako, ana haki gani mama aliyelala kitandani, asiyekushurutisha lolote ila anakuomba maji? Maulamaa wa madhehebu yetu ya Kishafii wamesema wazi kuwa nafaka ya wazazi mafukara ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo, hata kama dini zao ni mbali mbali. Basi mtu aliyesilimu hakuondokewa na deni la mama yake siku aliyotamka shahada. Na pengine yeye ndiye mwenye kuhitajia zaidi kulilipa, kwani watu wa kwao watauhukumu Uislamu kwa jinsi wamwonavyo akimtendea mama.

Ama zaka, jawabu ni fupi. Zaka hapewi mtu ambaye nafaka yake ni wajibu juu yako, kwani kufanya hivyo ni kulipa deni kwa deni jingine. Atoe katika mali yake, na zaka yake aipeleke kwa wenyewe.

Lakini juu ya makao ya wazee hatukutaka kusema kitu kabla ya kuona. Wawili katika sisi tulifuatana na kijana huyu mpaka kwao. Tulishika njia ya Kibwezi, tukapita Mutomo na Kitui, na magharibi tukaingia Mwingi, mji ulio juu ya barabara kuu iendayo Garissa. Asubuhi yake tukenda kijijini. Ilikuwa kiangazi, na wanawake walikuwa wakifukua maji katika mchanga wa mto mkavu, kama ada ya nchi ile. Vijana wengi hawako. Wako Nairobi, wako Mombasa, na walioachwa ni wazee na wajukuu.

Mama tulimkuta ndani ya chumba kisafi, juu ya godoro jembamba la sponji lililoshuka katikati. Msichana wa miaka kama kumi na miwili ndiye aliyekuwa akimwuguza. Akimwita "susu", kama waitavyo Wakamba bibi zao. Msichana huyu alikuwa ameacha skuli tangu bibi alipoanguka. Fedha hazikukosekana kabisa: kijana alikuwa akituma kila mwezi kwa simu, na ndugu zake wakituma walichoweza. Tena Serikali ya Kenya, tangu mwaka 2018, huwatolea walioandikishwa, waliotimia miaka 70 na wasio na pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi, ijapokuwa mara nyingi huchelewa. Lakini mgongoni na kwenye kifundo cha nyonga mama alikuwa na madonda ya kulala, moja limechimbika hata kidole chaweza kuingia. Mgonjwa asiyeweza kujipindua yataka apinduliwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, akaushwe, na nguo yake inyoshwe isiwe na mkunjo. Mtoto wa miaka kumi na miwili hana nguvu za kumpindua mtu mzima, wala hakuna aliyemfundisha. Kijana alipoyaona madonda yale alitoka nje, akakaa chini ya mwembe muda mrefu, nasi hatukumfuata.

Hapa ndipo tulipofahamu kwamba tulikuwa tukilizungumza jambo tusilolijua. Sisi huuliza mzee yuko wapi, na ni nani atoaye fedha. Hatuulizi nani humpindua, na mara ngapi.

Kumbukeni ile hadithi ya watu watatu waliofungiwa na jiwe pangoni, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mmoja wao alimwomba Mwenyezi Mungu kwa amali moja aliyowafanyia wazazi wake wazee. Alirejea usiku na maziwa, akawakuta wamelala. Hakuwaamsha, wala hakuwanywesha watoto wake kabla yao, bali alisimama na chombo mkononi mpaka alfajiri, watoto wakimlilia miguuni. Khatibu huisoma hadithi hii nasi tukalia, kisha twatoka bila kuona kilichomo ndani yake. Kulisha peke yake kungalikuwa jambo jepesi: angaliwaamsha, wakanywa, akaenda kulala. Alichofanya ni kungoja wakati wao wao, si wakati wake yeye. Nasi twajua jinsi wazee wanavyolishwa siku hizi, kijiko kikifuatana na kijiko kabla cha kwanza hakijamezwa, kwa kuwa mlishaji ana kazi nyingine.

Sasa tuje kwenye aya yenyewe. Katika Sura ya 17, aya ya 23, Mwenyezi Mungu alipokataza mzazi kuambiwa hata "uff", alitaja uzee unaomfikia mmoja wao au wote wawili, na akatia neno moja: "indaka", yaani kwako, mbele yako. Wafasiri wamelitazama neno hili. Uzee wa mzazi umetajwa kuwa wafikia kwa mtoto, chini ya macho yake. Kwa hiyo asili ya jambo ni mzee kuwa kwa watoto wake, na mwenye kuweza hilo kisha akampeleka kwingine ili nyumba ipate nafasi, au mke asikasirike, huyo hatuna udhuru wa kumtolea.

Lakini aya haikusema kwamba asiye na mtu afe peke yake. Wako wazee wasio na watoto, na wenye watoto waliowatangulia kaburini, na wenye maradhi yanayotaka mikono ya mtu aliyesoma uuguzi. Hao ndio wenye haki ya makao, na makao yao ni fardhi ya kifaya juu yetu. Yasipokuwapo, sote tuna dhambi. Na hapa yatupasa kusema jambo lisilopendeza. Thogoto wanayo makao ya wazee ya Kanisa la Presbiteri. Kasarani, Nairobi, yako ya masista waitwao Little Sisters of the Poor. Katika Unguja, kisiwa cha Waislamu, mafukara na wazee wa Welezo zama za ukoloni walihudumiwa na masista wa Kikatoliki, nao wengi wao walikuwa wazee wetu. Leo huko Zanzibar Serikali ina makao ya Welezo na Sebuleni, na Limbani kule Pemba. Na mwezi wa Aprili 2016 ilianza kumpa kila mzee wa miaka 70 pensheni, kwanza shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Hayo ni mazuri na yanastahiki kusifiwa. Lakini wakfu zetu za nyumba na mashamba, ambazo hapa pwani zina Tume yake yenye ofisi Mombasa, ni ngapi zilizowekwa kwa ajili ya mzee asiye na mtu? Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo mwaka 1284 aliiwekea wakfu, na ndani yake waliingia tajiri na fukara, mwanamume na mwanamke. Wahenga wetu walijua kwamba mgonjwa hawezi kungoja michango ya Ijumaa.

Na mwenye kulazimika kumpeleka mzazi katika makao, kazi yake haikwisha mlangoni. Aende bila kuagana siku. Aifunue shuka, atazame visigino na mgongo. Aulize ni nani anayemwosha mama, kwani mwanamke aoshwe na mwanamke. Aulize maji ya udhu yako wapi na kibla ni upande gani, kama mzee ni Mwislamu. Na asiyeweza maji, yuko nani wa kumsaidia kutayamamu. Atazame kama wazee huitwa kwa majina yao au kwa nambari za vitanda. Na mzee aliyepatwa na maradhi ya kusahau, yule ambaye Qur'ani (Sura ya 16, aya ya 70) imetaja hali ya mfano wake, ya kutojua baada ya kujua, auliza jambo moja mara ishirini. Asikilize hujibiwaje mara ya ishirini.

Wala tusijione sisi wa miji ya pwani kuwa salama kwa sababu hatuwapeleki wazee katika makao. Mimi mwandishi nina shangazi yangu, mtu wa Kibokoni, ambaye nikimsifu mbele za watu kwamba yuko nyumbani, hatukumpeleka popote. Niliporudi Mwingi nilipanda ngazi kumtazama. Yuko ghorofa ya pili, na ngazi zenyewe ni za kusimama. Mwaka mzima hakushuka wala hakupigwa na jua. Msichana wa kazi ndiye mlezi wake, naye ana kupika na kufua pia. Nilipomwuliza shangazi kama ahitaji kitu, alisema, "La, mwanangu, mimi sitaki kuwasumbua." Nilifunua shuka kama nilivyofanya kwa mama wa Mwingi. Sitaandika nilichokiona, lakini mwenye kumcheka yule kijana asianze na mimi.

Kuna athari aliyoipokea Abu Yusuf katika Kitabul-Kharaj, kwamba Sayyidna Umar alimwona mzee kipofu akiomba milangoni, akamkuta ni Yahudi anayetafuta fedha ya kulipa jizya. Umar akamchukua nyumbani kwake akampa, kisha akamwamuru mwenye hazina amtazame yeye na mfano wake, akasema kwamba si insafu kula ujana wa mtu kisha kumwacha katika uzee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, nayo imempa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata uangalizi kutoka kwa jamaa zake na Serikali. Haya yamekwisha andikwa.

Jambo jingine nalisema nikijua litawaudhi baadhi ya wasomaji. Mtu hufa, na watoto walioshindwa kununua godoro la shilingi elfu kumi wakachinja mbuzi kwa hitima, wakakodi viti na turubali, wakafanya na arubaini. Tumewahi kuona biriani ya maiti iliyogharimu zaidi ya alichotumiwa mwenyewe kwa mwaka mzima wa ugonjwa. Mwenye kutaka kumfaa mzazi aliyekufa, amwombee dua na amtolee sadaka. Lakini aliye hai kwanza.

Turudi Mwingi. Tulipomaliza kushauriana kwa marefu, mzee mmoja wa kijiji, asiye Mwislamu, alituuliza kama mama mwenyewe tumemwuliza. Hatukuwa tumemwuliza. Kijana aliinama akamwuliza kwa Kikamba, na mama akasema hataki Nairobi, hataki Mombasa. Mumewe amezikwa pale, naye yuko pale. Basi ndugu wote walipatana kumlipa mwanamke wa jirani mshahara wa kila mwezi, na mwuguzi wa zahanati akaja siku mbili kumfundisha kusafisha madonda na kumpindua mgonjwa bila kumburuta. Kijana amejifunga kwenda kila mwisho wa mwezi. Msichana amerudi skuli.

Kitanda cha kuinuka upande wa kichwa kimepatikana kwa mchango wa wana darasa, nacho kimesafirishwa kwa lori la mahamri wa Kitui. Limebaki godoro la maji au la hewa la kuzuia madonda. Mwenye nalo lisilotumika amwone mweka hazina wetu baada ya sala ya Isha.