Chungu Kidogo na Neno "Yetu"

Kuna swali ambalo halimo katika mafundisho ya Kipaimara, lakini kila mzazi hulikuta jikoni kwake. Chungu ni kidogo, watoto wana njaa, na jirani naye hana kitu. Je, ni haki kumpa jirani chakula kinachowatosha watoto tu? Na nikimnyima, jioni ile ninaposali Baba Yetu na kuomba riziki yetu, neno hilo "yetu" linamhesabu nani?

Makangale iko kaskazini-magharibi mwa Pemba, katika Wilaya ya Micheweni, jirani na msitu wa Ngezi. Watu wake wanaishi kwa bahari na kwa jembe. Nyumba yetu ni kama nyumba za wenzetu: uani tuna muhogo, migomba, kunde, mchicha na matuta machache ya viazi vitamu, na watoto wetu watatu humwagilia kwa makopo kabla ya jua kuwa kali. Siku nzuri tunakula muhogo wa nazi na samaki. Siku za kawaida ni kisamvu na wali kidogo. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu vyombo vidogo havitoki, samaki huadimika, na hapo swali langu huacha kuwa la darasani.

Upande wa kwanza wa jibu uko wazi. Paulo anamwandikia Timotheo (1 Tim. 5:8) kwamba mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Naye Martin Luther, katika kijitabu chake cha mwaka 1522 juu ya maisha ya ndoa, alifundisha kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani anampendeza Mungu, hata kama watu wanamcheka. Kwetu Walutheri, kupika, kulisha na kupalilia bustani si kazi za pembeni zinazofanywa ibada ikiisha. Ni wito. Mungu angeweza kumlisha mtoto wangu kwa njia nyingine, lakini amechagua kumlisha kwa mikono ya mama yake na yangu.

Tena mtoto si mtu mzima aliyefupishwa. Tumbo lake ni dogo na mwili wake unajengwa sasa. Mimi nikilala bila chakula cha jioni, kesho nitaamka na kichwa kizito, basi. Mtoto wa miaka miwili akikosa mara kwa mara, pengo lile halizibwi kirahisi baadaye. Na kujaza tumbo si sawa na kulisha. Muhogo unatia nguvu, lakini peke yake haujengi mwili. Unataka kunde, dagaa, yai na majani ya kijani. Kwa hiyo mzazi anayetoa yai la mwisho na mzazi anayetoa fungu la kisamvu hawajatoa kitu kimoja, hata kama wote wawili wamenyoosha mkono. Mtu anayesema "toa tu, Mungu atajaza" bila kuangalia ni nini kinatolewa na kinatoka kinywani mwa nani, hajafikiri vya kutosha.

Lakini jibu hilo likiachwa peke yake huoza, kama mana iliyowekwa akiba hadi asubuhi (Kut. 16:20). "Watoto wangu kwanza" ni neno jema lenye hatari moja: halina mwisho. Leo ni chakula, kesho ni sare za shule, keshokutwa ni bati za nyumba, na siku ya jirani haifiki kamwe. Tena angalieni ni nani hulitumia zaidi. Mara nyingi si yule mwenye chungu kidogo, bali yule ambaye gunia lake bado limejaa. Hofu ya kesho hujificha nyuma ya watoto, nao watoto hawajaombwa ruhusa.

Biblia inatuletea wanawake wawili, wote mama, wote si Waisraeli, na wote wa upande ule ule wa Tiro na Sidoni. Wa kwanza ni mjane wa Sarepta (1 Fal. 17). Ana konzi moja ya unga na mafuta kidogo, amekwisha kukubali kwamba yeye na mwanawe watakula kisha wafe, na hapo Eliya anamwomba amtengenezee yeye kwanza mkate mdogo. Wa pili ni mama Mkanaani (Mt. 15), anayemlilia Yesu kwa ajili ya binti yake. Yesu anamwambia neno gumu kuhusu chakula cha watoto. Mama yule habishi kwamba watoto wanyang'anywe. Anasema tu kwamba hata meza ya watoto ina makombo yanayoanguka.

Tukiwasoma wote wawili pamoja, tunapata njia. Mama Mkanaani anatufundisha kwamba haki ya mtoto na mahitaji ya mgeni si lazima vipigane. Watoto wale kwanza, lakini meza yao isiwe ya kufungwa kwa komeo. Mjane wa Sarepta anatufundisha kwamba iko siku Mungu huomba zaidi ya makombo. Ila tutazame vizuri. Aliyeombwa ni mwenye unga mwenyewe. Alichoombwa ni mkate mdogo, si konzi nzima. Na ombi lilikuja pamoja na ahadi ya Mungu kwamba unga hautaisha.

Hapa nina neno kwa sisi tunaovaa kola. Habari ya Sarepta imegeuzwa na baadhi ya wahubiri kuwa ndoano ya kuvulia unga wa mwisho wa wajane. Eliya alikuwa na neno la Bwana juu ya pipa lile. Mchungaji hana neno la namna hiyo juu ya pipa la mtu yeyote. Hakuna mtumishi mwenye ruhusa ya kumwambia mama, "Lete chakula cha mwanao uone muujiza." Kutoa kwa kujinyima ni tendo takatifu pale ninapojinyima mimi. Nikimnyima mwingine ambaye hawezi kukataa, jina lake si sadaka.

Kwa hiyo kanuni ninayoiona ni hii: mzazi atoe kutoka katika sahani yake mwenyewe. Chungu kikiwa kidogo kweli, sahani ya mtoto isiguswe, na sahani ya baba na ya mama zikatwe. Ni kanuni ngumu kuliko inavyosikika, hasa kwa sisi akina baba, kwa sababu katika nyumba nyingi kipande kikubwa cha samaki huwekwa kwa baba, na mama hula kilichobaki. Kama nyumba inatoa, basi kipande cha baba ndicho cha kwanza kusafiri. Baba asijipatie sifa ya ukarimu kwa njaa ya mke wake.

Na mtoto je, asijifunze kutoa? Ajifunze, tena mapema, lakini kwa mkono wake na kwa kitu chake. Mtoto aliyemwagilia mchicha kwa wiki kadhaa anajua thamani ya fungu moja. Mkimwuliza, "Mwanangu, tumpelekee bibi jirani?" na akaruhusiwa kujibu, siku atakayosema ndiyo atakuwa ametoa kweli. Siku atakayosema hapana, tusimwaibishe. Moyo nao hupaliliwa taratibu.

Sasa turudi kwenye neno "yetu". Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akieleza ombi la nne, hakuishia kwenye mkate. Aliorodhesha mavazi, nyumba, shamba, wenzi na watoto wema, serikali njema, hali njema ya hewa, na karibu na mwisho akaweka majirani wema. Tafakarini hilo. Jirani yangu hajasimama mlangoni kuja kupunguza riziki yangu. Yeye mwenyewe ni sehemu ya riziki niliyoiomba asubuhi.

Hapa Pemba sisi Wakristo ni wachache sana, na jirani huyo kwa kawaida ni Mwislamu. Mwezi wa Ramadhani sahani za futari, za muhogo, ndizi na majimbi ya nazi, huvuka ua na kuingia kwetu bila kuulizwa tunasali wapi. Desturi ya pwani ni kwamba sahani hairudi tupu, basi nayo hurudi na mchicha, ndizi au maandazi. Tukichinja kuku, tunamwomba jirani atuchinjie, ili nyama ile iweze kuliwa na nyumba zote mbili. Wako watakaouliza kama huko si kulegea katika imani. Nawakumbusha kwamba Paulo alikuwa tayari kuacha nyama kabisa kuliko kumkwaza mwenziwe (1 Kor. 8:13). Kristo hapungui kwa sababu mimi nimempisha jirani ashike kisu.

Hata muhogo unatufundisha. Ugonjwa wa batobato na ule wa michirizi ya kahawia umeharibu mashamba mengi Visiwani, na mwaka 2007 Zanzibar ilitoa aina zinazovumilia, zikiwamo Kizimbani na Machui. Muhogo haupandwi kwa mbegu bali kwa vipande vya shina lake. Mwenye aina njema akizificha peke yake, siku shamba lake likipatwa na balaa hana pa kwenda kuomba mbegu. Aliyegawa ana akiba katika kila ua alikogawa.

Lakini tusitoe kwa hesabu hiyo tu, wala kwa kutafuta thawabu. Hatuokolewi kwa sahani. Tumekwisha kuokolewa kwa neema, na ndiyo maana mikono yetu iko huru kupima kwa akili na kutoa bila hofu. Mtu anayeogopa hukumu hutoa hata kisichokuwa chake, mtu aliyesamehewa anaweza kutulia na kuuliza, "Watoto wamekula nini leo? Mimi naweza kupunguza nini? Jirani anahitaji nini hasa?"

Basi jioni hii, kabla ya kupakua, mzazi na asali ombi la nne pamoja na watoto, kisha awaulize ni nani mtaani wamemtaja ndani ya lile neno "yetu". Majina watakayoyasema yatatuonyesha ni sahani ya nani ikatwe, na iende wapi. Amina.