Mauti Hayangoji Jumapili

Ndugu msomaji, mtu anayesali kwa siri kwa sababu serikali imemkataza, je, ni mwongo? Usinijibu haraka.

Tuwatazame jirani zetu wa Burundi. Kanali Jean-Baptiste Bagaza alitwaa nchi kwa mapinduzi mwaka 1976. Miaka ya themanini akaligeukia Kanisa Katoliki. Wamisionari wengi wakafukuzwa, mapadre wakatiwa ndani, ibada za siku za kazi zikapigwa marufuku. Eti zinapoteza saa za kazi! Lakini chini ya hoja hiyo palikuwa na hofu: utawala wa Watutsi wachache uliliogopa Kanisa lililowasomesha Wahutu na kuwakusanya.

Sasa tuseme padre anaitwa Jumanne usiku kwa mgonjwa mahututi, na majirani wamekusanyika kusali. Aende? Wapo watakaosema sheria ni sheria, kiongozi wa dini awe mfano. Tena wataongeza kwamba siri huuzoesha ulimi kudanganya, na padre akikamatwa, mwenye nyumba naye anaozea jela. Hoja hii ya mwisho ina uzito. Padre hana haki ya kuitia familia ya mtu hatarini bila kuiuliza. Lakini ikiwa wenyewe ndio waliomwita, aende. Mauti hayangoji Jumapili.

Wengine hapa Moa watasema, "Hayo ni ya Wakatoliki, sisi yanatuhusu nini?" Haya, fikiri ingetoka amri kwamba kusali msikitini ni Ijumaa tu. Mvuvi anayeswali alfajiri na wenzake kabla ya kuingia baharini angekuwa mhalifu tayari, na samaki hajavua hata mmoja. Hapo mwongo nani?

Tarehe 3 Septemba 1987, Bagaza akiwa safarini Kanada, Meja Pierre Buyoya alimpindua. Waliofungwa kwa ajili ya dini wakaachiwa, marufuku ikaondolewa. Sala ya Jumanne iliyokuwa kosa ikawa halali, na maneno yake ni yale yale. Kama sala haikubadilika, basi ubaya haukuwa ndani yake. Ulikuwa ndani ya amri.

Ndiyo maana nasema anayejificha ili asali hamdanganyi mtu. Siri ile ameitengeneza aliyekataza. Ila wenzangu, askari hamuulizi padre peke yake. Humuuliza jirani: "Amepita hapa?" Jirani huyo huenda ni Mwislamu, huenda hana dini kabisa. Mimi nasema anyamaze.