Mwanangu, Joto la Doha Lisikukimbize

Wanangu mnaoshuka uwanja wa ndege wa Hamad na vyeti vyenu vya friji na viyoyozi, wengine mmetoka VETA Chang'ombe, wengine vyuo vya ufundi vya Mombasa na Kampala, nina neno la kuwaambia kabla hamjafungua boksi la kwanza. Joto la mji huu litawataka mfanye kazi haraka. Msilitii.

Simu ya mteja haiji mwezi wa kwanza, wakati watu wamezima viyoyozi na kufungua madirisha. Inakuja Julai, mashine imekufa, ndani mna mtoto mchanga na mama mgonjwa. Tarehe 14 Julai 2010 joto la Doha lilifika nyuzi 50.4. Siku za namna hiyo mteja anakusukuma, msimamizi anapiga simu kila baada ya dakika chache, na jua lenyewe linakusukuma ushuke upesi kutoka paani. Basi fundi anaanza kuruka hatua za kazi, na anazoruka ni zile zisizoonekana. Mashine ya ndani mteja ataitazama, atakagua kama imekaa sawa ukutani, ataweka mkono asikie baridi. Ile ya nje iko pahali ambapo hatapanda maishani mwake. Amekuachia amana, na amana ya mtu asiyeweza kukukagua ndiyo nzito kuliko zote.

Ifahamuni kazi ya mashine hiyo. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinalichukua joto la chumbani na kulitupa nje, pamoja na joto la umeme ambao kompresa imekula. Ili joto hilo litoke, kondensa lazima iwe ya moto kuliko hewa inayoipitia. Tanga, hewa ikiwa nyuzi 32, kazi ni nyepesi. Hapa hewa inaweza kufika 45 kivulini, na juu ya zege lililopigwa na jua tangu asubuhi inazidi hapo. Kwa hiyo soma lebo kabla hujaipandisha mashine ngazini. Mashine ya daraja la T1 hupimwa uwezo wake hewa ya nje ikiwa nyuzi 35; ya T3 hupimwa kwa nyuzi 46, nayo ndiyo ya nchi hizi. Ukiona imeletwa ya T1 kwa sababu dukani ilikuwa ya bei nafuu, mwambie mteja kabla hujaifunga. Ukimwambia baadaye utakuwa unajitetea tu.

Kisha itafutie pahali inapoweza kupumua. Katika mitaa ya Pearl na West Bay hamtakuwa na shida hii sana, maana majengo mengi kule hupata maji baridi kwa mabomba kutoka mitambo mikubwa ya kampuni ya Qatar Cool. Mtambo wa Pearl pekee una uwezo wa tani 130,000 za ubaridi. Kazi yenu itakuwa Najma, Mansoura, Old Airport na nyumba za Wakra. Katika majengo ya zamani mtakuta vishimo vyembamba vya hewa kati ya kuta, vimejaa mashine kutoka chini hadi juu. Ya chini inatema hewa ya moto, ya juu yake inaivuta, nayo inaitema ikiwa moto zaidi. Kufunga mashine mle ni kama kumwambia mtu akimbie huku umemfunga kanga usoni. Kompresa itapandisha shinikizo mpaka ijizime, mteja atasema umemfungia mashine mbovu, na mashine haina kosa.

Paani nako msizipange zikipuliziana. Upepo wa shamali huvuma kutoka kaskazini-magharibi na kubeba vumbi jingi. Ukielekeza mdomo wa feni huko, feni itashindana na upepo mchana kutwa. Acheni nafasi ambayo kitabu cha mashine kinaitaka, nyuma na mbele, na muache nyingine ya mtu kuchutama na kuosha mapezi, kwa sababu vumbi la hapa litayaziba na lazima mtu aje ayaoshe. Mara nyingi mtu huyo atakuwa kijana mwingine wa kwetu.

Kama mashine inaning'inia ukutani, gongeni ukuta kwanza. Kuta nyingi hapa ni za matofali yenye matundu, na plasta ya jengo la zamani huweza kuwa imejitenga na tofali. Skrubu iliyoshika plasta peke yake itamwachilia mtu mzigo wa kilo thelathini kichwani. Tumieni boliti zinazofaa tofali hilo, zisizoshika kutu, maana hewa ya bahari ya hapa ina chumvi kama ya Mombasa. Wekeni mpira chini ya miguu ya mashine, pimeni kwa pima maji. Mkiona ukuta haufai, mashine ikae chini au paani, hata mteja akikasirika.

Sasa mabomba, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo haraka inapofanya uharibifu wake mwingi. Mdomo wa bomba la shaba upanuliwe taratibu, ulainishwe, usiwe na ufa wala vumbi la shaba ndani. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo, si kwa nguvu za ujana. Ukishaunga, jaza naitrojini kwa shinikizo lililoandikwa kitabuni, uache, urudi kutazama kama geji imeshuka. Na nisikilizeni vizuri hapa: asikudanganye mtu kwamba oksijeni inaweza kushika pahali pa naitrojini kwa sababu mtungi wake uko karibu na vifaa vya kuchomelea. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Huo si uharibifu wa mashine tena, ni maiti.

Baada ya hapo pampu ya vakyumu. Najua kuna wanaofungua gesi kidogo isukume hewa nje, wakafunga, wakasema tayari. Ni dakika moja badala ya nusu saa, na paani jua linachoma. Lakini gesi haiwezi kufukuza unyevu uliokwisha kushika kuta za bomba. Mwishoni mwa Agosti, hewa ya Doha inapokuwa nzito hadi nguo inaganda mwilini, unyevu huo ni mwingi. Mafuta ya mashine zenye gesi ya R410A au R32 huyanywa maji kwa pupa, na maji hayo baadaye hutengeneza tindikali inayokula waya za kompresa polepole. Mashine haitakufa leo. Itakufa baada ya mwaka au miwili, wewe umeshahama, na mtu mwenye mshahara mdogo atalipia kompresa mpya bila kujua kwa nini. Acheni pampu ivute mpaka geji ya vakyumu ishuke chini ya mikroni 500, muizime, muone kama kipimo kinatulia. Wakati inavuta, kaeni kivulini mnywe maji. Pampu haihitaji kutazamwa usoni.

Kuna jambo lingine kuhusu hiyo gesi. Mwezi wa Oktoba 2016 nchi za dunia zilikutana Kigali, hapo kwetu Afrika Mashariki, zikakubaliana kupunguza gesi za aina hii kwa sababu zinapasha dunia joto. R410A ikitoroka hewani, kilo moja hufanya kazi ya kilo zaidi ya elfu mbili za kabonidayoksaidi. Qatar iko katika kundi la nchi zitakazoanza kuzuia matumizi kuongezeka mwaka 2028. Nchi zetu zilipangiwa 2024. Anayejifunza leo kuikusanya gesi mtungini badala ya kuiachia, na kuipima kwa mizani badala ya kukisia kwa mkono, atakuwa na kazi Dar es Salaam na Nairobi siku atakaporudi. R32 nayo hushika moto, ingawa si kwa wepesi, kwa hiyo sigara na mwali vikae mbali.

Na msimwambie mteja kwamba gesi imeisha kwa kuwa mashine imezeeka. Gesi haiishi kwa kutumika. Ikipungua, kuna tundu, na tundu hutafutwa. Mara nyingi hata haijapungua. Kondensa imezibwa na vumbi, inahitaji maji na brashi. Anayeuza gesi kwa mtu ambaye mashine yake inahitaji kuoshwa anamwibia, hata kama msimamizi wake ndiye aliyemfundisha.

Kwenye umeme sitasema mengi, mmefundishwa. Mashine iwe na breka yake, waya wa unene uliotajwa, na waya wa ardhi uliofungwa kweli. Usimwamini anayekwambia kutoka chini kwamba amezima. Panda na kipimo chako ukapime mwenyewe. Kapasita hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa, nayo huwapiga wanaokimbilia kuishika.

Narudi kwenye miili yenu, ambayo mama zenu wamenikabidhi bila kunijua. Sheria ya hapa iko wazi. Kwa uamuzi wa wizara wa mwaka 2021, kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba hakuna kazi ya juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Na saa yoyote ile, kipimo cha joto kinachojumuisha unyevu, jua na upepo kikizidi 32.1, kazi inasimamishwa. Mfanyakazi akiona joto linamhatarisha, ana haki ya kuacha na kushtaki wizarani. Haki hiyo ni yenu pia, na paa la nyumba ya mtu ni pahali pa kazi sawa na uwanja wa mpira.

Najua mtakavyoambiwa: nusu saa tu, kazi ndogo, mteja ni mtu mkubwa. Jibuni kwa adabu kwamba mtarudi saa kumi, au kesho baada ya sala ya alfajiri. Msipande peke yenu. Mwenzako akianza kujibu maneno yasiyoeleweka, akayumba, ngozi yake ikawa ya moto, usimwache alale kidogo apate nafuu. Mtoe juani, mvue shati, mmwagie maji, mpepee, piga 999. Kiharusi cha joto huua ndani ya muda mfupi, na hakimwachi kijana mwenye nguvu anayetaka kumaliza. Ukingoni mwa paa vaeni mkanda wa usalama uliofungwa kwenye kitu kisichong'oka. Bomba la maji na mguu wa mashine ya jirani havifai.

Ukisha kuwasha, usikimbilie chini. Iache ifanye kazi robo saa, pima joto la hewa inayoingia na inayotoka mashine ya ndani, sikiliza kama nje kuna mtetemo, tazama kama maji yanashuka kwenye bomba lake na hayatiririki kwenye nguo za jirani. Kisha chukua kalamu ya wino usiofutika, fungua kifuniko cha mashine ya nje, uandike ndani yake tarehe, urefu wa mabomba, na gramu za gesi ulizoongeza. Kama hukuongeza, andika hivyo hivyo kwamba hukuongeza. Fundi atakayefuata ataanza kazi akijua anachokikuta.