Kijana Safarini: Msafiri au Mzigo?

Si ajabu tena siku hizi katika miji yetu ya pwani kusikia kwamba fulani na watu wa nyumbani kwake wamo katika matayarisho ya kwenda kutembea nchi za nje likizo ya Agosti itakapofika. Si safari ya Umra, wala si ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Ni matembezi khasa: Istanbul, kisha Sarajevo, kisha Granada na Cordoba, na labda mji mmoja au miwili mingine ya kupitia njiani. Jamaa zetu walioko Uingereza, ambao watoto wao hupata kiasi cha wiki sita za mapumziko wakati wa joto, wamelizoea jambo hili zamani.

Sina la kulaumu hapo. Mwenye uwezo, asiyedaiwa, akawatoa wanawe kuiona ardhi ya Mwenyezi Mungu, amefanya jambo jema. Ninalotaka tulifikiri pamoja ni jengine: yule mwana wa miaka 14 au 16 anayechukuliwa katika safari hiyo, yeye ni nani humo? Ni msafiri, au ni mzigo mmoja katika mizigo?

Tazama mambo yanavyokwenda katika nyumba nyingi. Baba huketi barazani na rafiki zake, akasikia mmoja wao alikwenda wapi mwaka jana na alilipa kiasi gani. Akenda akakata tiketi. Kisha usiku mmoja, baada ya chakula, huwakusanya wanawe akawaambia: "Tunakwenda miji mitano kwa siku kumi na nne, mwasemaje?" Watasema nini? Mdogo atarukaruka kwa furaha. Yule mkubwa atasema "Sawa, baba," na kuinamia simu yake. Baba hulala usiku ule akiamini kwamba ameshauriana na wanawe. Hakushauriana nao, amewapa habari. Ushauri ni kumuuliza mtu wakati jibu lake bado linaweza kubadilisha kitu.

Na huyu asiyeulizwa si mtoto tena. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wa watu wa pwani, mtoto huhesabiwa amebaleghe akitimiza miaka 15 ya mwezi, ikiwa alama nyengine hazikutangulia. Tangu siku hiyo Sala yake ni yake, saumu yake ni yake, na dhambi yake haiandikwi kwa baba yake. Mashirika ya ndege hayangoji hata muda huo: abiria akitimiza miaka 12 aghlabu hulipiwa nauli ya mtu mzima. Balozi za nchi za Schengen, na Uhispania ni mojawapo, humtaka mwenye miaka 12 achukuliwe alama za vidole, na ada ya viza yake ni ile ile ya wazee wake, ambayo tangu Juni 2024 ni Euro 90. Basi Mwenyezi Mungu amemhesabu kuwa mtu mzima au anakaribia kumhesabu, mwenye ndege amemhesabu, na balozi amemhesabu. Waliobakia ni wazazi wake.

Nani aliyetufundisha kumuuliza kijana rai yake? Nabii Ibrahim, amani imshukie, alipooneshwa katika ndoto kwamba anamchinja mwanawe, alikuwa na amri isiyo na mjadala. Juu ya hayo alimweleza kijana, akamtaka aangalie yeye anaonaje. Lau yuko baba mwenye udhuru wa kunyamaza na kumburura mwana kwa mkono, ni yeye. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika mwaka wa 3 wa Hijra alipendelea kukaa Madina na kuwangoja Makureshi humo. Vijana, khasa wale ambao Badri iliwapita, walishikilia kutoka. Akatoka nao mpaka Uhudi. Wakarudi wamepoteza watu sabini. Na aya inayoamrisha kushauriana nao ilishuka baada ya Uhudi, si kabla yake. Ukilinganisha na hayo, jambo la miji mitano au mitatu ni dogo mno la kuogopa kumuuliza mwanao.

Huenda ukasema: pesa ni zangu, na mimi ndiye ninayejua uwezo wangu. Ni kweli, na hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe, kwani wengi wetu huficha kiasi cha pesa kama mtu afichaye maradhi. Mtoto asiyejua kilichopo hawezi kutoa rai; atataja kila analolitamani, kisha utasema hana adabu. Mwekee karatasi mezani: hizi ndizo pesa, hizi ndizo siku, nauli imekula hiki, kilichobaki ni hiki. Mwachie na hesabu ya vituo. Kila mnapohama mji, sehemu kubwa ya siku hupotea: kufunga masanduku, kutoka hotelini kabla ya adhuhuri, kuwa uwanja wa ndege saa mbili au tatu mbele, kuruka, kungoja mizigo, kuitafuta hoteli mpya, na mwisho kuambiwa chumba bado hakijasafishwa. Miji mitano ni kuhama mara nne, na juu yake siku ya kwenda na siku ya kurudi. Katika siku 14 zimekwisha kwenda sita. Zimebaki nane kwa miji mitano: hata siku mbili kwa kila mji hazitimii. Nilivyoona mimi, watoto wakipewa hesabu hii mikononi mwao, wao ndio wa mwanzo kufuta mji. Wazee ndio wanaong'ang'ania, kwa sababu wanataka kuja kusema barazani kwamba walifika.

Ati Ibn Battuta naye alilala Mombasa usiku mmoja tu, mwaka 1331, akaendelea na safari yake ya Kilwa. Na katika usiku huo mmoja akaona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ufundi, visima penye milango yake, na watu kuosha miguu kabla ya kuingia, mambo ambayo mpaka leo twayasoma. Kweli. Lakini yeye alitoka kwao Tanja mwaka 1325, akiwa na miaka 21, kwa hamu yake mwenyewe, wala hapana aliyemkatia tiketi.

Liko jengine ambalo hesabu ya vituo hulibadilisha, nalo ni Sala. Msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, kwa madhehebu yetu hukumu ya usafiri humwondokea, naye husali rakaa zake kamili na kila Sala kwa wakati wake. Akinuia chini ya hapo, anaweza kupunguza na kukusanya. Basi kuuliza "tukae Istanbul siku tatu au sita?" ni kuuliza pia tutasali vipi. Na nyakati zenyewe si hizi tulizozizoea. Granada, mwanzo wa Agosti, Adhuhuri haiingii mpaka imepita saa nane ya mchana. Magharibi, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili na nusu hivi, kule hupita saa tatu ya usiku, na Isha hufika kiasi cha saa tano. Mpe kijana kazi hii: atafute nyakati za kila mji, aangalie Sala ipi itawakuta ndani ya treni, na yeye ndiye awaamshe alfajiri. Aliyezoea kuamshwa na mama yake, ataamshwa na nani siku atakapokwenda kusoma peke yake?

Ama mambo ya kuona, wazazi tuna tabia ya kudhani kwamba kila penye historia ya Uislamu kijana atapapenda papo hapo. Daraja la Mostar lilijengwa mwaka 1566 katika enzi ya Waturuki, likavunjwa kwa mizinga ya majeshi ya Wakroati wa Bosnia Novemba 1993, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2004. Mtoto anayepelekwa pale bila ya kuambiwa lolote ataona daraja zuri na watu wanaojirusha mtoni, atapiga picha, basi. Anayejua kwamba Sarajevo ilizingirwa tangu 1992 mpaka 1996, na kwamba Julai 1995 huko Srebrenica waliuawa wanaume na vijana zaidi ya 8,000, wengine wa rika lake, atayaangalia makaburi yale meupe kwa jicho jengine. Lakini pia ana haki ya kusema mapema kwamba hayawezi hayo katika siku za mapumziko, wala si udhaifu. Na Msikiti wa Cordoba, ulioanzwa kujengwa mwaka 785 na kufanywa kanisa mwaka 1236, Waislamu hawaruhusiwi kusali ndani yake. Mwambie hayo nyumbani, asije akayajua kwa mlinzi, akiwa amesimama mbele ya mihrabu na hasira zimempanda.

Na ikiwa yeye ataka kuona uwanja wa mpira wa Madrid? Mwache auone. Ni jambo la mubaha, na saa tatu za uwanjani hazitaiangusha Andalusia mara ya pili.

Niseme wazi linaloniudhi zaidi. Hata katika nyumba ambazo mvulana huulizwa, msichana haulizwi. Yeye hujikuta safarini na kazi zile zile: kumbeba mdogo, kufua soksi za kaka zake ndani ya beseni la hoteli, kukaa chumbani na mtoto aliyelala ilhali wanaume wametoka kupunga upepo Bosphorus. Akirudi, shoga zake humuuliza alichokiona, na alichokiona ni chumba. Msichana hubaleghe kama kaka yake, na aghlabu kabla yake. Mkipanga siku, pangeni na zamu ya kukaa na mdogo, na baba awemo katika zamu hiyo. Muulizeni hoteli yenye bwawa la kuogelea itamfaa nini, ikiwa haina saa ya faragha ya wanawake. Huenda pesa zile zikamnunulia siku nzima ya kutembea kwa mashua.

Wala sisemi watoto ndio watawale. Yako yasiyopigiwa kura: Sala, chakula cha halali, saa ya kurudi usiku, na kwamba hapana safari ya mkopo wa riba hata wakilia wote. Mzazi aseme tangu mwanzo kuwa hili ni langu na hili ni letu. Na likishakuwa letu, liwe letu kweli. Kijana akichagua kwenda Mostar kwa treni, na treni ikachelewa, usimsimange nayo mpaka Ramadhani ijayo; na yeye asinung'unike, kwani rai ilikuwa yake.

Limebaki lililo gumu kuliko yote: kijana anayesema hataki kwenda kabisa. Usikasirike upesi. Muulize sababu, na ungoje jibu. Wako waliochoka na mitihani na wanataka kulala tu. Wako wanaojua kwamba baba na mama hawasemezani nyumbani, na wanaogopa kufungiwa nao chumba kimoja siku 14. Huyo hakuikataa Istanbul. Na ikiwa baada ya mazungumzo bado anataka kubaki Lamu kwa bibi yake, naona ana haki ya kubaki, maadamu tiketi bado haijakatwa na yuko wa kumwangalia. Ila bibi naye aulizwe kwanza. Yeye pia ni mtu mzima, na huenda Agosti hiyo ana safari yake.