Manowari za Karatasi

Jumapili moja jioni, hapa Kolwezi, baba mmoja alitujia na malalamiko yake. Mwanawe na wenzake watatu, asema, wameacha mpira. Siku hizi hushinda mezani na rula na kalamu wakichora manowari. "Bahari hawajaiona hata siku moja," akasema, "na sasa wanajifunza namna ya kuzamisha watu ndani yake. Je, hilo si vibaya?" Akatuomba tuwakataze. Tulitaka kutazama kwanza, maana kukataza jambo usilolijua ni kazi rahisi mno.

Mchezo wenyewe ni huu. Kila mmoja hupewa uzito ule ule, tani 35,000, naye huugawa apendavyo: mizinga, bamba za chuma za kuzuia makombora, mitambo na mafuta. Akitaka mizinga mizito zaidi, hana budi kupunguza chuma. Akitaka mbio, mitambo yala uzito wa mizinga. Kisha manowari hizo hupigana mezani kwa rula na dadu. Hesabu ya tani 35,000 hawakuitunga wao: ndiyo mpaka uliowekwa kwa kila manowari kubwa mpya na mkataba wa Washington wa mwaka 1922. Wala mchezo wa namna hii si mpya. Mwingereza Fred T. Jane alitoa wake mwaka 1898, na kitabu chake cha manowari za dunia nzima, kilichoanza kutoka mwaka huo huo, kilihusiana na mchezo wake.

Tukiri kwamba tulivutwa. Tulikaa pale mpaka taa zikawashwa. Yule kijana aliyetaka mizinga kumi na miwili na mbio kupita wote alifuta na kuandika, akafuta tena, mwishowe karatasi ikatoboka. Alikuwa amekutana na jambo ambalo watu wazima wengi hawajalikubali bado, yaani huwezi kuwa na vyote. Kila kizuri unachokiongeza kimetolewa mahali fulani. Hapo hatukuona ubaya wo wote.

Tukawaeleza swali la yule baba. Mkubwa wao akajibu upesi: "Bora zizame mezani kuliko baharini." Ni jibu zuri, na historia yamsaidia. Mwaka 1921 Uingereza iliagiza manowari nne kubwa sana, ambazo mafundi waliziita kwa herufi tu, G3. Zingekuwa na mizinga tisa kila moja. Mkataba ule wa 1922 ukazifuta kabla hazijajengwa. Hakuna mtu aliyekufa katika hizo nne. Lakini manowari Hood, ambayo ilijengwa kweli, ilipasuka tarehe 24 Mei 1941 ikiwa na watu 1,418, wakapona watatu. Basi twakubali kwamba meli iliyobaki karatasini haina damu.

Hata hivyo kuna neno lilitusumbua tulipozitazama karatasi zile. Kila kitu kilikuwa na uzito wake, hata nanga, ila watu hawakuandikwa. Tukauliza: "Na nani ataifikisha mahali pa kupigana?" Wakacheka. Meli yajiendesha yenyewe, wakasema, ndiyo kazi ya mitambo.

Hapo tukawauliza kama wajua kwamba meli za vita zimewahi kupita katika nchi yetu hii ya Lualaba, tena juu ya nchi kavu. Hawakujua. Wamepita Fungurume mara nyingi wakienda Likasi, lakini Fungurume kwao ni shaba na kobalti na malori.

Mwaka 1915 Wajerumani walikuwa wakilitawala ziwa Tanganyika kwa meli zao, na Waingereza wakaamua kuleta mashua mbili kupigana nao. Ziliitwa Mimi na Toutou. Urefu wake ulikuwa kama mita 12, kila moja na mzinga mdogo mbele na bombomu nyuma. Mezani pa vijana wetu zisingefaa hata kuwa mashua za kuteremshia mabaharia. Zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapakiwa katika gari la moshi, zikafika Fungurume mwezi wa Agosti. Reli ilikuwa imeishia hapo. Mbele yake kulikuwa na milima ya Mitumba, na ng'ambo ya milima kituo cha Sankisia, ambako reli nyingine fupi ilikwenda Bukama penye mto Lualaba.

Hapo katikati, mwendo wa kilomita zaidi ya 200, mashua zilikokotwa. Kulikuwa na matrekta mawili ya mvuke, na maksai, na watu, hasa watu. Walikata njia msituni, wakajenga madaraja zaidi ya mia moja, wakavuta kamba mahali ambapo mashine na ng'ombe wameshindwa. Matrekta yakakosa maji, maana kiangazi kilikuwa kikali, na wanawake wa vijiji wakayaleta kwa vyungu vichwani mwao. Tarehe 28 Septemba wakafika Sankisia. Kisha mashua zikashuka na mto hadi Kabalo, zikapanda reli tena mpaka ziwani.

Vita vyenyewe vilikuwa vifupi. Tarehe 26 Desemba meli Kingani ilitekwa kwa muda wa dakika kumi na moja, na kamanda wake akauawa pamoja na wengine. Mwezi wa Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Ile kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi wa Julai. Ikainuliwa mwaka 1924, ikapewa jina Liemba, ikachukua abiria na dagaa kwa miaka mingi kuliko ilivyochukua mizinga.

Majina ya maofisa wa safari ile yamo vitabuni, na jina la mkubwa wao, Spicer-Simson, lajulikana sana. Majina ya wavuta kamba wa Fungurume hatujayakuta mahali po pote, wala ya wale wanawake wa vyungu. Twafikiri hawakusahauliwa kwa chuki. Yule aliyepanga safari alikuwa na karatasi yake pia, na juu yake kuna maili, na tani, na siku. Jicho lililozoea karatasi za namna hiyo halimtafuti mtu. Hii ndiyo hofu yetu kuhusu mchezo wa vijana, wala si ile ya baba yule. Hatuoni kwamba utawafundisha kuua. Twaogopa utawazoeza kuhesabu kila kitu isipokuwa yule anayebeba, na hapa kwetu, ambapo shaba na kobalti hutoka ardhini kwa mikono ya watu na kuhesabiwa kwa tani, mazoea hayo hayahitaji msaada.

Hatukuwakataza. Tulisema tu kwamba karatasi ina nafasi ya mstari mmoja zaidi. Mkubwa wao hakupenda. Alisema mchezo utakuwa wa huzuni, na huenda amesema kweli. Baba naye hakuridhika nasi, kwa kuwa alitaka ndiyo au hapana.

Mdogo wao alikuwa kimya muda wote. Baada ya wiki tukamkuta amepunguza mizinga miwili, na kwa uzito ule ameweka mashua za kuokolea, akaandika pembeni ni watu wangapi wanaotosha ndani. Alishindwa siku hiyo, tena vibaya. Jumapili iliyofuata alikuja na manowari ile ile.